Ngozi, Chuma na Vumbi: Historia ya Kutengeneza Klachi Nyumbani

Mhadhiri wetu alipotutaka tuandike historia ya kitu kimoja cha matumizi ya kila siku, wenzangu wengi walichagua simu, kanga na baiskeli. Mimi nilichagua klachi ya gari. Vitabu vya historia ya magari nilivyovisoma hueleza habari za wavumbuzi na wenye viwanda: nani alisajili nini, mwaka gani, akauza magari mangapi. Mtu aliyelala chali chini ya gari hilo, spana mkononi na matone ya oili usoni, hatajwi. Insha hii inamhusu yeye. Hoja yangu ni kwamba magonjwa ya klachi ni yale yale tangu mwisho wa karne ya 19, na dalili zake ni zile zile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono wa mwenye gari na ugonjwa wenyewe, pamoja na gharama ambayo mwenye mkono huo amelipa kwa kuufikia.

Kwanza neno lenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda husema klachi, kutoka Kiingereza. Kwetu Bujumbura, hasa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barabarani tangu enzi za Wabelgiji na ambao umejaa gereji, fundi atakuambia ambreyaji, kutoka Kifaransa. Ukivuka mpaka kwenda Uvira utalisikia vivyo hivyo. Gia kwetu ni vitesi. Ukiwasikiliza mafundi wawili, mmoja wa Kigoma na mwingine wa Bujumbura, wakibishana juu ya gari moja, unaweza kuchora ramani ya ukoloni bila kufungua kitabu. Hapa nitatumia klachi, kwa kuwa wasomaji wengi wa mkusanyiko huu wanalijua zaidi.

Kwa msomaji asiyeendesha gari, kazi ya klachi ni rahisi kueleza. Injini ya petroli haiwezi kuanza kuzunguka ikiwa imebeba mzigo. Ni lazima izunguke kwanza, kisha mzigo uletwe taratibu. Kwa hiyo kati ya injini na magurudumu huwekwa vitu viwili vinavyoweza kugusana au kuachana: kimoja kinazunguka na injini, kingine kinaelekea kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali vinaachana, ukiiachia vinabanana, kwanza kwa kuteleza kidogo, halafu vinakuwa kitu kimoja. Ndani ya kuteleza huko kwa sekunde moja au mbili ndimo ilimo historia yote ninayoieleza, maana kinachoteleza huchakaa, na kinachochakaa humtafuta fundi.

Gari la Karl Benz, lililosajiliwa Ujerumani mwezi Januari 1886, halikuwa na klachi kwa maana tunayoijua leo. Lilikuwa na mkanda wa ngozi uliosukumwa kutoka gurudumu linalozunguka bure hadi gurudumu lililofungwa kwenye ekseli. Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Wanahistoria hupenda kuitaja safari hii kama tangazo la kwanza la biashara ya magari. Mimi naitazama kama siku ya kwanza ya ufundi wa mwenye gari. Bomba la mafuta lilipoziba, Bertha alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipochakaa, alimtafuta fundi viatu akamwomba azipigilie ngozi. Hakukuwa na gereji mahali popote duniani, na palipohitajika kitu cha kukamata na kuteleza, jibu lilikuwa ngozi ya mnyama na misumari.

Jibu hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1891 kampuni ya Kifaransa ya Panhard et Levassor iliweka injini mbele, klachi nyuma yake, kisha giaboksi, na mpangilio huo ukaigwa karibu na kila mtengenezaji. Klachi ya wakati huo ilikuwa na umbo la koni. Flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, ilichongwa tundu la koni, na ndani ya tundu hilo iliingia koni nyingine iliyovikwa ngozi, ikisukumwa na springi. Pedali iliivuta koni nje.

Ngozi ina tabia zake, na wenye magari wa miaka ya 1900 walilazimika kuzijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Ikikauka huwa ngumu, na klachi hukamata kwa ghafla, gari likaruka mbele kama punda aliyechokozwa. Ikilowa oili huteleza: injini inapiga kelele, gari halipandi mlima. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ilikuwa kupaka ngozi mafuta ya nyonyo, au mafuta yanayochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe, kisha kuliacha gari usiku kucha pedali ikiwa imebanwa chini kwa gongo ili ngozi inywe mafuta. Dawa ya pili ilikuwa kunyunyiza udongo mkavu unaonyonya mafuta, ule uliotumiwa na wasafisha sufu. Kama ngozi ilikuwa imelala mno, mwenye gari alichomeka vipande vyembamba vya chuma chini yake ili iinuke. Na ilipokwisha kabisa alikata ngozi mpya, akaivuta juu ya koni, akaifunga kwa ribiti za shaba, vichwa vyake vikizamishwa chini ya uso wa ngozi visije vikakwaruza chuma. Kazi hiyo ilihitaji kisu, nyundo na subira. Fundi viatu wa kijijini aliiweza, na ndiye mara nyingi aliyeitwa.

Naomba msomaji akumbuke magonjwa hayo mawili, kukamata kwa ghafla na kuteleza, kwa sababu nitayarudia nikifika kwenye gari la miaka ya karibuni.

Ford Model T ilianza kuuzwa mwaka 1908, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa magari zaidi ya milioni 15. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima wa Marekani waliokaa mbali na fundi yeyote, na gari lilibuniwa kwa kulijua hilo. Lilikuwa na pedali tatu, lakini si zile tulizozizoea. Ya kushoto ikikanyagwa hadi chini iliingiza gia ndogo, ikiinuliwa nusu gari likawa huru, ikiachiwa kabisa gia kubwa ikashika. Ya katikati ilirudisha gari nyuma, na ya kulia ilikuwa breki. Kila pedali ilikaza mshipi wa chuma wenye bitana ya pamba kuzunguka ngoma inayozunguka ndani ya oili ya injini. (Bitana ni neno la mafundi cherehani, lakini sioni neno bora zaidi kwa kitambaa kinachovikwa ndani ya kitu ili kichakae badala yake.)

Bitana hiyo iliisha haraka, hasa kwa wale waliokaa milimani. Kuibadilisha ilikuwa kazi ya Jumamosi ambayo baba na mwana waliifanya uani: kufungua mfuniko ulio juu ya giaboksi, kutoa mishipi, kung'oa pamba ya zamani, kupigilia mpya. Hatari iliyojulikana na kila mtu ilikuwa kuangusha nati ndani ya giaboksi, kwa hiyo watu walitandika kitambaa ndani kabla ya kugusa kitu. Gari hilo pia lilikuwa na ugonjwa wa tatu, kinyume cha kuteleza: klachi kutoachia. Asubuhi za baridi oili ilikuwa nzito hata sahani za klachi zikang'ang'aniana, na mtu aliyezungusha hendeli mbele ya gari aliweza kujikuta anasukumwa na gari lake mwenyewe. Suluhisho la wakulima lilikuwa kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha, ili nguvu ipotelee hewani. Sijaona kitabu cha uhandisi kinachosifu ubunifu huo, nami nadhani unastahili sifa.

Magari hayo yalifika kwetu na vita. Katika kampeni ya Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitumia magari mepesi ya Ford kubeba chakula na risasi. Baada ya vita malori yalienea, na pamoja nayo kazi mpya ambayo jina lake limebaki katika Kiswahili: tanboi, kijana aliyeajiriwa kuzungusha hendeli ya injini. Upande wetu aliitwa konvoyeri. Tanboi hakufundishwa ufundi darasani. Alijifunza kwa sababu lori lilipokwama njiani, dereva alihitaji mtu wa kushika taa, wa kupokea bolti, wa kukanyaga pedali anapoambiwa. Katika ukoloni mwenye gari na mwenye kulitengeneza walikuwa watu wawili tofauti, na huyu wa pili ndiye aliyeijua klachi. Hapa historia yetu inatengana na ya mkulima wa Marekani. Yeye alitengeneza gari lake uani kwa sababu lilikuwa lake. Mababu zetu walitengeneza gari la mtu mwingine kando ya barabara, na ujuzi ukaingia nyumbani baadaye sana, siku mtoto au mjukuu wa tanboi alipoweza kununua gari kuukuu la kwake.

Wakati huo huo ndani ya klachi kitu kingine kilikuwa kinabadilika. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza bitana za breki huko Chapel-en-le-Frith, katika jimbo la Derbyshire. Inasimuliwa kwamba aliwaona wenye mikokoteni wakipigilia viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili ziwashike wanaposhuka milima. Kampuni yake, Ferodo, ilianza na pamba iliyoloweshwa gundi, na kuanzia mwaka 1908 ikatumia asbesto, yaani nyuzi za mwamba zisizoungua. Ngozi iliungua klachi ilipoteleza sana, pamba nayo iliungua, lakini asbesto ilivumilia. Kufikia miaka ya 1930 klachi ya koni ilikuwa inasahaulika. Magari mengi yalikuwa na sahani moja kavu yenye bitana pande zote mbili, iliyobanwa kati ya flaiwili na sahani nyingine ya chuma yenye springi, ile ambayo mafundi huiita presha pleti. (Hudson ya Detroit iling'ang'ania klachi yake ya vipande vya koki, vile vya kuzibia chupa, vilivyoelea ndani ya oili hadi miaka ya 1950, na waliowahi kuiendesha waliisifu kwa ulaini wake.)

Sahani hiyo ilikuwa bora kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: ilifungiwa. Ili kuiona ilibidi kushusha giaboksi nzima. Ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kwa mafuta ya nyonyo na gongo usiku mmoja sasa ulikuwa nyuma ya kilo kadhaa za chuma. Mkono wa mwenye gari uliondolewa, likabaki sikio lake na mguu wake.

Sikio na mguu si vitu vya kudharau. Mjomba wangu, ambaye ametengeneza magari Buyenzi tangu kabla sijazaliwa, huchukua dakika kumi kuyasikiliza kabla ya kufungua kisanduku cha spana, na vipimo vyake vyote ni vya watu wa zamani. Akitaka kujua kama klachi inateleza, huegesha gari mahali tambarare pasipo mtu mbele, hufunga breki ya mkono, huingiza gia ya tatu au ya nne, kisha huachia pedali polepole huku akiongeza petroli kidogo. Injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma na gari halitikisiki, inateleza, na kipimo hakirudiwi kwa sababu kila sekunde ya kuteleza inaunguza bitana. Akitaka kujua kama haikati, hukanyaga pedali mpaka mwisho, husubiri kidogo, kisha huingiza gia ya kurudi nyuma. Gia hiyo ikilalamika kama kisu kwenye jiwe, basi sahani haijaachana na injini, sawasawa na Ford ya asubuhi za baridi. Mlio unaotokea pedali ikikanyagwa na kupotea ikiachiwa ni wa beringi ya klachi. Unaotokea pedali ikiwa juu na kupotea ikikanyagwa unatoka kwenye giaboksi. Na gari likitetema linapoondoka, hutafuta oili iliyovuja kwenye bitana, au mpira ulioshikilia injini uliokatika.

Baada ya hapo huanza na vilivyo nje. Mwaka jana jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na Corolla yake iliyokataa kuingia gia. Gereji moja mjini ilikuwa imemwambia anunue klachi nzima, sahani, presha pleti na beringi, kwa fedha zilizozidi mshahara wake wa miezi kadhaa.

"Mwalimu, mara ya mwisho kuongeza oili ya klachi ni lini?" mjomba alimuuliza.

"Wiki iliyopita. Na wiki kabla yake."

"Na hiyo oili inakwenda wapi?"

Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza. Mjomba aliingia chini ya gari, akainua mpira mdogo wa kuzuia vumbi kwenye silinda ya chini ya klachi, oili ikamtiririkia kwenye kiganja. Raba ya ndani ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo mguu ulisukuma oili, oili ikatoroka, na uma wa klachi haukusogea vya kutosha. Tuliosha silinda, tukaweka raba mpya, kisha nikakaa kwenye usukani nikitekeleza amri tatu: kanyaga, shikilia, achia, mpaka hewa yote ikatoka kwenye bomba. Alasiri haijaadhiniwa gari lilikuwa linaingia gia zote. Raba ile iligharimu bei ya kilo mbili tatu za mchele. Simlaumu sana yule fundi wa mjini. Gereji hulipwa kwa kazi kubwa, na anayesema klachi nzima hawezi kusutwa kwa kuwa baada ya kubadilisha kila kitu gari hupona. Lakini mteja asiyejua kuuliza swali la oili amelipia kutojua kwake. Hali ni hiyo hiyo kwa magari ya kebo: ikikazwa mno, pedali haibaki na ule mchezo mdogo juu yake, presha pleti haibani kikamilifu, na sahani nzima kabisa huanza kuteleza. Dawa yake ni kugeuza nati moja.

Kuna wakati mwenye gari alijaribu kurudisha mkono wake ndani. Volkswagen ya kobe, gari ambalo wazee wa Nairobi na Arusha wanalikumbuka kwa ushindi wa Tommy Fjastad katika East African Safari ya mwaka 1962, ilikuwa na injini nyuma, iliyoshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Watu wawili wenye jeki moja waliweza kuitelezesha nje, na klachi ikaonekana pale pale. Mwaka 1969 mhandisi John Muir alichapisha Marekani kitabu cha kutengeneza gari hilo, akimwandikia mtu asiyejua chochote kwa lugha ya mazungumzo na michoro ya kuchekesha. Kiliuzwa sana miongoni mwa vijana ambao hawakutaka kutegemea kampuni. Naona hapo kilele cha ufundi wa nyumbani katika nchi tajiri. Baada yake magari ya injini mbele yanayovutwa na magurudumu ya mbele yalibana kila kitu mahali padogo, na giaboksi za kujiendesha, zilizoanza kuuzwa kwa wingi na Oldsmobile za mwaka 1940, ziliondoa pedali yenyewe. Kwetu kilele hicho hakijapita, kwa sababu magari yanayokwisha kazi Japani huanza kazi Bujumbura.

Sasa nifike kwenye gharama niliyoitaja mwanzoni.

Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, na daktari aliyemchunguza akaeleza jinsi nyuzi za asbesto zilivyoyakakamaza mapafu yake. Mwaka 1930 ripoti ya serikali ya Uingereza ilithibitisha kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida viwandani, na mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi. Kanuni hizo zililinda waliotengeneza bitana. Aliyekwenda kuing'oa bitana ile ile ikiwa imesagika kuwa unga, chini ya gari, hakuwamo. Sheria iliishia kwenye lango la kiwanda. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini, J. C. Wagner na wenzake, walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, wengi wao wakiwa wameishi karibu na migodi ya asbesto ya Cape Kaskazini. Saratani hiyo huchukua miaka 20, 30, hata 50 kujitokeza.

Afrika ilikuwa katika biashara hii tangu shina lake. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya Kiingereza, Turner & Newall, iliichukua Ferodo na pia migodi ya Shabani na Mashaba katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Kwa hiyo mnyororo mmoja wa umiliki ulianzia chini ya ardhi ya Afrika ukaishia kwenye kiboksi cha bitana dukani. Uingereza ilipiga marufuku aina zote za asbesto mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Marekani ilisubiri hadi 2024 kuipiga marufuku ile nyeupe, ambayo ndiyo iliyotumiwa zaidi kwenye breki na klachi. Si nchi zote zimefanya hivyo hadi leo, na sahani inayouzwa bila kiboksi sokoni haisemi ilitengenezwa wapi wala kwa kitu gani.

Klachi inapofunguliwa, ndani ya kengele ya giaboksi huwa pamejaa unga mweusi. Ni bitana iliyoisha. Nimeona mafundi wengi wakiupuliza kwa kompresa mpaka wingu likafunika ua, watoto wakicheza hatua kumi kutoka hapo. Mjomba naye aliupuliza kwa mdomo miaka yote, kwa sababu aliyemfundisha, konvoyeri wa zamani wa malori ya kwenda Bukavu, alifanya hivyo. Nilipokuwa nikikusanya habari za insha hii nilimsomea mambo ya Rochdale na Cape. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa wangu," alisema, "hiyo miaka 30 wanaianza kuhesabu lini?"

Nilimwambia huanza siku mtu alipovuta vumbi mara ya kwanza. Hakusema neno, akaendelea kupanga spana.

Sahani ya mwisho tuliyoibadilisha pamoja ilikuwa mwezi wa saba. Tulitoa waya wa betri, tukainua gari juu ya magogo, tukaibeba injini kwa mnyororo, tukashusha giaboksi watu wawili bila kuiacha ining'inie kwenye sahani. Ribiti za bitana zilikuwa zimeanza kukwaruza flaiwili. Kuiweka sahani mpya katikati alitumia kijiti alichokichonga mwenyewe na kukizungushia utepe mpaka kikaingia barabara, kisha akakaza bolti za presha pleti kwa kupishana, kila moja kidogo kidogo. Lakini kabla ya hayo yote alimtuma mwanawe alete beseni la maji yenye sabuni na fulana kuukuu. Alilowesha unga wote kabla ya kuugusa, akaupangusa kwa fulana, akafunga fulana na sahani ya zamani ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake alikuwa ameshachukua mpira wa kompresa. Mjomba alimwambia aurudishe ukutani.